Kioo Tumboni mwa Ndege

Wapo wasafiri wanaoondoka Dubai na mizigo, na wapo wanaoondoka na runinga. Makundi haya mawili hupanda ndege moja lakini hayasafiri safari moja. Msafiri wa kundi la kwanza huukabidhi mzigo wake kwenye kaunta, akapokea kadi ya kupandia ndege, akasahau. Yule wa pili husafiri kama mtu aliyemwacha mgonjwa wake katika chumba cha upasuaji: mwili u kitini, roho i chini tumboni mwa ndege, pamoja na sanduku refu jembamba ambalo alilisimamisha kwa mikono yake mwenyewe na ambalo huenda sasa limelazwa chali chini ya mabegi ya watu asiowajua.

Mchukulie mwanamke mmoja miongoni mwa hao, mzawa wa Kilifi, aliyemaliza mkataba wa miaka 2 wa kazi za nyumbani katika mojawapo ya majumba ya Dubai. Kila asubuhi kwa muda huo wote aliipangusa vumbi runinga ya mwajiri wake kwa kitambaa kikavu, kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza, kama alivyoelekezwa siku ya kwanza. Aliijua runinga ile kwa vidole kuliko alivyoijua kwa macho, maana wasaa wa kuitazama haukuwapo. Siku za kurejea zilipowadia aliingia katika duka moja la Deira, mtaa wa kale wa biashara ambao Waafrika wengi huuzoea upesi kuliko mitaa mingine ya mji ule, akanunua yake: inchi 55, ndani ya sanduku ambalo halijafunguliwa.

Kaka yake alipopata habari alimpigia simu.

“Dada, hizo mbona zimejaa Mombasa? Tuma pesa tukununulie huku, ujipumzishe na taabu.”

“Najua, kaka. Lakini hiyo ya huko itakuwa mmenunua nyinyi.”

Kwa hesabu tupu, kaka huyo hakukosea. Ukijumlisha bei ya dukani, ada ya mzigo wa ziada, ushuru wa forodha na nauli ya basi, faida iliyodhaniwa kuwa kubwa huyeyuka, na mara nyingine hugeuka hasara. Fauka ya hayo, dhamana ya mtengenezaji aghalabu huishia katika nchi au eneo ambamo chombo kiliuzwa, kwa hivyo runinga iliyonunuliwa Deira ikiharibika Kilifi humlazimu mwenyewe kumtafuta fundi kwa pesa zake. Ila hesabu hiyo haikuwa na safu ya jambo alilolisema dada. Pesa alizotuma kila mwezi ziligeuka karo, mabati, dawa na gharama za matanga. Zilifika, zikafanya kazi, zikatoweka ndani ya mambo yasiyobeba jina lake. Runinga itakayoteremshwa garini mbele ya majirani ndiyo itakayokuwa kitu cha kwanza kuonekana waziwazi kuwa kimetoka mikononi mwake. Asiyelitambua hilo hawezi kuelewa ni kwa nini watu wazima wenye akili razini hukubali kuvuka bahari na kioo chenye upana wa zaidi ya mita moja.

Zamani si sana, jambo hili lilikuwa gumu kwa njia nyingine. Runinga zile za kisogo kirefu, ambazo wengine huziita za chogo, zilitawala sebule hadi miaka ya 2000. Ndani yake mlikuwa na bomba la kioo lililotolewa hewa yote, na kwa sababu hewa ya nje hulisukuma bomba la aina hiyo kwa nguvu nyingi, kioo cha mbele kilifanywa kinene mno. Mtoto aliweza kukibisha hodi kwa kijiko na kisione chochote. Uzito ndio uliokuwa msiba wake: runinga ya inchi 29 iliweza kuzidi kilo 40, ilhali mashirika mengi ya ndege hayapokei kifurushi kimoja kinachozidi kilo 32, kikomo kilichowekwa ili kuihifadhi migongo ya wachukuzi. Runinga bapa ilikuja ikageuza mambo. Ile ya inchi 55 hubebwa na watu wawili bila kutokwa na jasho. Wembamba wake ndio uliompa mwenye nayo ujasiri wa kuipandisha ndege, na wembamba uo huo ndio unaomtia hofuni.

Maana kile kiitwacho kioo cha runinga bapa ni vioo viwili, kila kimoja kikiwa na unene usiofika milimita 1, vilivyogandamana na kuacha kati yao mwanya mwembamba kuliko unywele. Ndani ya mwanya huo hukaa vimiminika maalumu ambavyo hugeuka kwa amri ya umeme na kupitisha au kuzuia nuru inayotoka nyuma. Kandokando, kwenye ukingo, zimebandikwa nyaya bapa laini kama utepe ambazo hupeleka amri hizo. Chombo chenyewe hakina mifupa ya haja: fremu ya plastiki au bati jembamba, basi. Ukikishika kwenye pembe mbili zinazokabiliana na kukisokota kidogo, umekiua. Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, lakini onyo hilo ni la nyumba za udongo. Ufa wa kioo hiki hauzibwi, na ukuta wake haujengeki: bei ya kubadilisha kioo hukaribia bei ya runinga nzima, na fundi mwaminifu atamwambia mteja wake hivyo kabla hajafungua skrubu ya kwanza.

Ndiyo sababu sanduku la kiwandani ni nusu ya chombo. Watu hulitazama kama ganda la kutupwa, kumbe limebuniwa kwa hesabu. Lile povu gumu jeupe lililo ndani yake ni hewa kwa takribani asilimia 98, na kazi yake ni kufa kwa niaba ya kioo. Sanduku linapoangukia pembe, vipovu vya pembe ile hupondeka, na katika kupondeka humeza nguvu ambayo vinginevyo ingefika kwenye kioo. Vikishapondeka havirudi. Kwa hiyo sanduku lililokwisha kuanguka mara moja si sanduku lile tena, hata kama karatasi ya nje ingali inang'aa. Jambo jingine la kutazamwa ni kwamba povu hilo huishika runinga kwenye kingo na pembe tu. Mbele ya kioo pameachwa nafasi tupu, na utupu huo umewekwa kwa makusudi.

Hapa ndipo wema wa watu unapoleta maafa. Msafiri akiona nafasi ile tupu huiona kama chumba kisicho na mpangaji. Huingiza kanga za mama, viatu vya watoto, pakiti za maziwa ya unga, chupa za manukato, hata seti ya vikombe. Hudhani kwamba nguo zitakuwa mto wa kukilaza kioo. Kinyume chake ndicho kinachotukia. Nguo zikisongamana hukisukuma kioo katikati, mahali penye udhaifu mkubwa zaidi, na kila mtikisiko wa gari la mizigo huwa ngumi inayopitia kwenye viatu. Mwanamke wa Kilifi naye alishawishika. Alikwisha kukunja doti 3 za leso alizotaka kuzipenyeza, akazuiwa na mfungaji mizigo wa Deira, kijana wa Kiafrika aliyekuwa akifunga vifurushi vya watu kwa ujira mdogo.

“Dada, hapo mbele usiweke kitu. Hata leso.”

“Leso ni laini, kaka.”

“Laini kwako. Kwa kioo ni mkono unaosukuma toka Dubai hadi Nairobi.”

Kijana huyo, ambaye bila shaka hakusomea ufundi huu katika chuo chochote, alifanya mambo machache na kuyafanya vyema. Alikata vipande viwili vya mbao nyembamba kiasi cha sanduku, akaviweka nje ya sanduku, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili pigo la ncha ya begi la mtu lisitoboe karatasi na kufika ndani. Juu yake akavika sanduku la pili la katoni. Mikanda ya plastiki aliifunga karibu na ncha mbili za sanduku, mbali na katikati, akaikaza kiasi cha kushika bila kulibonyeza. Kamba mbili alizifunga ziwe vishikio, kimoja kila upande. Kishikio si urembo. Hamali akikosa pa kushika huukumbatia mzigo, na akichoka kuukumbatia huusukuma kwa goti, huubiringisha, au huuachia. Mzigo wenye vishikio viwili hujieleza wenyewe kwamba ni wa watu wawili. Miguu ya runinga na skrubu zake viliwekwa ndani ya soksi na kuingizwa kwenye begi la nguo. Betri za rimoti zilitolewa. Na kile kibenki cha umeme cha kuchajia simu, ambacho dada alikuwa amekisahau ndani ya kifurushi kingine, kiliamriwa kihamie mkobani, kwa kuwa betri za lithiamu zisizo ndani ya chombo haziruhusiwi kabisa katika mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege: zikiwaka moto huko hakuna wa kuzizima upesi.

Baada ya hapo ilifuata kazi ya kuandika. Kwa wanafunzi wa lugha, hii yamkini ndiyo sehemu yenye mvuto kuliko zote, kwa sababu sanduku la runinga ni matini ambayo mwandishi wake hatamwona msomaji wake. Msomaji huyo ni mtu mmoja aliyesimama chini ya ndege saa 8 usiku, katika joto la Ghuba, akiwa na mizigo mamia kadhaa ya kupakia na msimamizi anayetazama saa. Lugha yake ya nyumbani yaweza kuwa Kinepali, Kibengali, Kiurdu, Kimalayalam au Kiswahili. Kumwandikia maneno ni kubahatisha. Ndiyo maana ulimwengu ukabuni alama zisizohitaji kusomwa, ambazo zimeratibiwa katika kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 780: bilauri yenye shina jembamba humaanisha kitu chepesi kuvunjika, mishale miwili inayotazama juu huonyesha upande wa juu, na mwavuli huonya juu ya maji. Kijana wa Deira alizichora zote pande nne kwa kalamu nene.

Hata hivyo alama zikitumiwa sana hufifia, jinsi kiapo kinavyofifia kinywani mwa mtu aapaye kila dakika. Wasafiri hubandika bilauri hata kwenye mabegi ya viatu, na hamali aliyeziona bilauri elfu moja hana sababu ya kuiheshimu ya elfu moja na moja. Mwaka 2016 kampuni moja ya baiskeli ya Uholanzi, VanMoof, iliyokuwa ikichoshwa na baiskeli zilizowafikia wateja zikiwa zimepondeka, ilifanya hila ya aina yake. Ilichapisha picha kubwa ya runinga bapa juu ya masanduku ya baiskeli. Ilieleza kwamba uharibifu ulipungua kwa asilimia 70 hadi 80. Wachukuzi hawakuwa wakatili, walihitaji tu kukiona kitu chenyewe ili mikono yao ijue la kufanya. Kisa hiki kinachekesha, lakini kinamtatiza mwenye runinga halisi. Picha inayoilainisha mikono ya hamali mwema ndiyo inayoyafumbua macho ya mwizi. Wako wanaoamua kuifunika picha ile kwa karatasi ya kaki ili mzigo usijulikane, nao hulipia usiri huo kwa mapigo. Makala haya yanaelekea upande wa picha. Sanduku la inchi 55 halina uso wa kujificha, hata ukilivika gunia, na mwizi hulitambua kwa umbo kabla ya kulisoma.

Umbo hilo hilo ndilo linalolipeleka kwenye kaunta ya pekee. Mashirika mengi huhesabu mzigo wa kawaida kuwa ule ambao urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havizidi sentimita 158. Runinga ya inchi 32 ina kioo cha takribani sentimita 71 kwa 40, hivyo sanduku lake huweza kupenya ndani ya kipimo hicho. Ya inchi 55 ina kioo cha sentimita 122 kwa 69, jumla 191 kabla hata ya kuhesabu sanduku. Shirika moja litaipokea kwa ada, la pili litaipokea iwapo tu nafasi ipo, la tatu litamwambia mwenyewe aende akaisafirishe kama shehena. Kuuliza kabla ya kununua tiketi ni bora kuliko kubishana na karani huku foleni ikinung'unika nyuma. Waama, kukataliwa kupita njia ya kawaida kuna heri yake. Uwanja wa ndege wa Dubai una mikanda ya kusafirishia mizigo yenye urefu wa takribani kilomita 140, na tangu Machi 2017 wenye uwanja huo walianza kuikataa mizigo ya mviringo na isiyo na upande ulio bapa kwa kuwa ilikuwa ikiikwamisha. Runinga iliyopelekwa kando huepushwa na mizunguko hiyo, ikasukumwa kwa kitoroli na mikono ya watu.

Karani alilipima sanduku, akalibandika lebo, kisha akasogeza kikaratasi kingine na kalamu.

“Weka sahihi hapa.”

“Ni ya nini, kaka?”

“Kwamba ikivunjika, sisi hatumo.”

Dada aliweka sahihi. Hakuna asiyeiweka. Ndege inaondoka, visa imekwisha, na sanduku liko tayari juu ya mzani. Lakini ni muhimu kufahamu kile ambacho kikaratasi hicho kinaweza na kile ambacho hakiwezi. Safari za ndege kati ya mataifa husimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003 na ambao Kenya na Muungano wa Falme za Kiarabu zote ni wanachama wake. Ibara ya 17 humtwika mchukuzi dhima ya mzigo uliokabidhiwa ukiharibika ukiwa chini ya ulinzi wake. Humwondolea dhima hiyo kwa kiasi tu ambacho uharibifu umetokana na kasoro au hali ya asili ya mzigo wenyewe. Ibara ya 26 nayo hubatilisha kipengele chochote kinachojaribu kumvua mchukuzi dhima aliyopewa na Mkataba. Kwa hiyo sahihi ya dada haikufuta sheria. Ilichofanya ni kumpa mchukuzi hoja ya kusema: kitu hiki kilikuwa dhaifu tangu asili, kilifungwa vibaya, na mwenyewe alikiri. Mabishano yote hugeukia hapo, kwenye ubora wa ufungaji, na kwenye mabishano hayo msafiri asiye na ushahidi ana ulimi mtupu. Picha za simu zinazoonyesha runinga ikiwaka dukani, povu likiwa zima, mbao, kamba na sanduku juu ya mzani, ndizo wakili wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi lina kamera.

Fidia nayo ina dari. Mkataba huihesabu kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kiitwacho SDR. Mwaka 1999 dari hiyo ilikuwa SDR 1,000 kwa kila abiria. Imekuwa ikipandishwa, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, yaani takribani dola 2,000 za Marekani. Anayesafiri na chombo cha thamani zaidi anaruhusiwa kutangaza thamani yake anapokabidhi mzigo na kulipa ada ya ziada ikidaiwa. Haki hii ni kongwe na imeandikwa, lakini si rahisi kukutana na karani atakayeitaja bila kuulizwa.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni siku 7. Ibara ya 31 humtaka mwenye mzigo ulioharibika alalamike kwa maandishi punde anapogundua, na kabla ya siku 7 kupita tangu alipoupokea. Zikipita bila lalamiko, madai hufa, isipokuwa kama mchukuzi alifanya ulaghai. Sasa mtazame mtu aliyetoka Dubai akatua Nairobi alfajiri, akapanda basi la usiku kwenda Pwani, akafika nyumbani akakuta wageni, akalala siku mbili kwa uchovu, akasema runinga itafunguliwa Jumapili shangazi akifika. Siku zinakwenda. Tena kioo cha aina hii kina ujanja wa kuficha jeraha. Kikiwa kimezimwa huonekana kizima, cheusi na laini, na ufa wa ndani hujitokeza pale tu umeme unapowashwa: mistari ya rangi, doa jeusi linalotanda kama wino uliomwagika. Busara ni kulifungua sanduku pale pale uwanjani, kabla ya kuvuka mlango, kumulika kioo kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, na kuomba soketi ya ukutani kwa dakika 5. Likionekana lolote, ripoti iandikwe kwenye dawati la mizigo na nakala yake ichukuliwe.

Katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, sanduku la aina hii hufunguliwa hata hivyo, maana forodha huliona kutoka mbali. Mnamo Novemba 2023 kulizuka mjadala mkali nchini Kenya baada ya Mamlaka ya Ushuru kuukumbusha umma kwamba bidhaa za abiria zenye thamani iliyozidi dola 500 zilipasa kutozwa kodi, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Viwango vya namna hiyo hurekebishwa, kwa hiyo msafiri hana budi kuuliza kile cha mwaka wake. Kisichobadilika ni manufaa ya risiti. Asiye na risiti hukadiriwa, na anayekadiria hana haja ya kuijua bei ya punguzo la Deira. Dada alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya pasipoti. Alilipa alichoambiwa alipe, akaomba mkanda wa gundi, akalifunga tena sanduku kwa mikono yake huku watu wakimpita.

Kisha likaja basi. Watu huiogopa ndege wakasahau barabara. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na buti ya basi haina mtu wa kuweka sahihi wala mkataba wa mataifa. Utingo wa basi alitaka kulilaza sanduku chini, kwa sababu likilala huchukua nafasi nzuri ya kupangia magunia juu yake. Kwa kweli hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Runinga iliyosimama hubeba uzito wake kwenye ukingo, jinsi ukuta unavyosimama juu ya msingi. Runinga iliyolazwa huwa dari isiyo na nguzo katikati: kila tuta la barabarani hulitikisa bapa lile juu na chini, na gunia la juu humalizia.

“Mwanangu,” dada alimwambia, ingawa kijana yule hakuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, “hiki ni kioo. Kisimamishe, nitalipia nafasi ya mtu.”

Alilipia. Sanduku lilisimama nyuma ya kiti cha mwisho, limeegemea ukuta wa basi, na mwenyewe akakaa mbele yake usiku kucha, akiamka kila basi lilipofunga breki. Mombasa walihamia matatu ya Kilifi, na humo kaka yake, aliyekuja kumlaki, alilishika sanduku kwa kishikio kimoja na dada kwa cha pili.

Kwa anayetua Mombasa moja kwa moja kuna tahadhari moja zaidi. Chombo kilichopoa kwa saa kadhaa angani, kikitolewa ghafla kwenye hewa ya Pwani iliyojaa unyevu, hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu. Kiachwe saa kadhaa kabla ya kuunganishwa na umeme. Runinga ya dada ilikuwa imeshapata joto la basi, hivyo haikuhitaji kungoja, lakini aliingojesha hata hivyo, mpaka mama yake alipotoka kuoga.

Plagi ya Dubai ina meno matatu ya mraba kama ya Kenya, ikaingia kwenye soketi bila adapta. Taa ndogo nyekundu iliwaka, kisha kioo kizima kikawa cheupe kutoka pembe hadi pembe, bila mstari wala doa. Stesheni hazikupatikana. Kenya ilihamia matangazo ya dijitali mwaka 2015 na king'amuzi kilikuwa bado hakijanunuliwa, kwa hiyo wote walikaa mkekani wakatazama orodha ya lugha za kuchagua ikipanda na kushuka kwa kidole cha mtoto mmoja.

Kaka alikuwa amekwisha kulibeba sanduku tupu kuelekea jaani. Dada akamwita alirudishe. Alitoa vipande vya povu akavipanga ukutani kimoja kimoja, na akaona yale ambayo hakuna mtu aliyemsimulia: pembe ya juu ya kulia ilikuwa imebonyea kiasi cha vidole viwili, na ile ya chini ya kushoto ilikuwa imepasuka ikabaki kushikiliwa na gundi. Alipitisha kidole kwenye kibonyeo kile polepole, bila kukandamiza.

“Weka juu ya kabati,” akasema.